Kadi, mlango au ramani: kuchagua zoezi la kufundishia hali ya hewa na majira kwa Kihispania

Ilikuwa Julai, Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, katika chumba nilichokuwa nimekodi Area C hapa Dodoma. Wanafunzi kumi na wanne wamejikunyata, masweta mpaka shingoni, mmoja kajitanda kitenge. Nikanyanyua kadi yenye jua kubwa, mwavuli wa ufukweni na mtoto anayelamba aiskrimu. "El verano," nikasema, "yaani kiangazi."

Mtawa mmoja, ambaye hukaa mbele kila siku na hajawahi kuniacha nipite na kosa, akatazama kadi, akatazama nje. "Mwalimu, samahani. Kiangazi si ndicho hiki tulicho nacho? Mbona mimi nimevaa sweta mbili?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na jibu. Kiangazi cha Dodoma huanza mvua zinapokatika, na humohumo ndimo unamokuta baridi kali kuliko yote ya mwaka, alfajiri inayoshuka hadi nyuzi 13 au 14. Kiangazi cha kadi yangu kilikuwa cha Madrid. Kamusi imeyaweka maneno haya mawili mstari mmoja, lakini dunia haijayaweka hivyo.

Tangu hapo nimejaribu mazoezi mengi, mengine ya kuiga, mengine ya kujitungia kwa mfuniko wa ndoo na karatasi ya manila. Nayaweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayeanza, au mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani, achague bila kupoteza miezi kama mimi.

Kwanza, ugumu uko wapi?

Maneno yenyewe ni machache. Mwanafunzi akishika ishirini na tano hivi anajitosheleza: sol (jua), lluvia (mvua), viento (upepo), nube (wingu), niebla (ukungu), tormenta (dhoruba), calor (joto), frío (baridi), pamoja na majira manne. Wiki mbili zinatosha. Panapoumiza ni kwamba Kihispania kina milango mitatu ya kuingilia, nasi tuna mmoja tu.

Sisi tunasema kuna baridi, kuna joto, kuna upepo, kuna ukungu, kuna mawingu. "Kuna" inabeba kila kitu. Mhispania anasema hace frío, hace calor, hace sol; kisha está nublado (kuna mawingu), está despejado (anga haina wingu), está lloviendo (mvua inanyesha); kisha hay niebla, hay nubes, hay tormenta. Upepo unaruhusiwa kupita milango miwili, hace viento na hay viento, zote sawa. Mwanafunzi wetu akishajua kwamba hay ni "kuna", amekwisha: atasema hay frío mpaka uzeeni. Ataeleweka, ila msikilizaji atatabasamu kidogo.

Kosa la pili linatokana na "sana". Kwetu joto sana, kubwa sana, anakimbia sana, yote ni neno lilelile. Kule calor ni jina, hivyo ni hace mucho calor, si hace muy calor. Lakini está muy nublado, kwa kuwa nublado ni sifa. La tatu ni mvua. Kiswahili kinataka mvua inyeshe, kwa hiyo darasani utasikia "la lluvia llueve", sentensi inayotafsirika vizuri sana na isiyosemwa na mtu. Llueve peke yake imemaliza kila kitu.

Na mwili wako? "Nasikia baridi" ni tengo frío. Njia nyepesi ni kupitia njaa: nina njaa, tengo hambre, nina kiu, tengo sed, basi baridi nayo "unayo". Wakazie watu wazima hasa hapa, kwa maana anayejitungia estoy caliente akidhani amesema anasikia joto, amesema jambo jingine la chumbani. Ukiwa na mtawa darasani, lifundishe mapema.

Kwa hiyo zoezi lolote nalipima hivi: je, linamlazimisha mwanafunzi kuchagua kati ya hace, está na hay, au linamwacha ataje majina tu?

Kadi za picha na kwenda mlangoni

Kadi ndizo kila mwalimu huanza nazo, na zina haki yao. Ni rahisi, manila moja inatoa kadi kumi na sita, maka peni unayo tayari, na watoto wa msingi wanapenda kuzigeuza kifudifudi na kutafuta mbili zinazofanana. Ndani ya dakika ishirini maneno kumi yameingia. Pia ndipo mahali pazuri pa kusafisha matamshi: h ya hace haitamkwi, c yake ni th ya "thelathini" ukimsikiliza Mhispania wa Madrid, na ni s kwa karibu Amerika ya Kusini yote. Sisi tunazo sauti zote mbili, tumebarikiwa. Ñ ya otoño ni ny ya "nyumba", haina kazi. Kazi ipo kwenye nieva na niebla, theluji inaanguka na ukungu, kwa sababu v yao husikika kama b, na sikio geni linasikia neno moja. Hizo mbili nazichorea kadi kubwa na kuzibandika mbali mbali.

Kasoro ya kadi ni kwamba jua ni jua. Ukiinyanyua, mwanafunzi anasema "sol!" na wewe unamsifu. Hajachagua mlango. Unaweza kumlazimisha aseme sentensi nzima, naye atasema, lakini anaijibu picha. Wiki ijayo ukimuuliza njiani ¿Qué tiempo hace?, yaani hali ya hewa ikoje, anakutazama. Tena, neno tiempo lenyewe linamchanganya, maana ni wakati na pia ni hali ya hewa. Hapo Kiswahili kinatusaidia kidogo: "majira" nayo ni msimu, na tunasema pia "majira ya saa nne". Neno moja kubeba anga na saa si ajabu kwetu.

Zoezi la pili halina gharama hata shilingi. Kila kipindi kikianza, mwanafunzi mmoja anatoka hadi mlangoni, anatazama juu, anarudi na kutoa sentensi tatu: moja ya hace, moja ya está, moja ya hay. Hace fresco (kuna ubaridi kidogo). Está despejado. Hay polvo (kuna vumbi). Wengine wanaandika kwenye daftari na tarehe. Basi. Dakika tano.

Nilipolianza nililidharau. Baada ya mwezi mmoja niligundua kwamba makosa ya hay frío yamepungua kwa wale wa mlangoni kuliko kwa wale wa kadi, maana sheria ya milango mitatu inamnyima mtu nafasi ya kukimbilia "kuna". Anatafuta kitu cha kukitia kwenye hay, anakiona kile kimbunga kidogo cha vumbi kinachozunguka kutoka upande wa uwanja, anauliza kinaitwaje. Remolino de polvo. Neno hilo silijui kuwamo katika orodha za wanaoanza, lakini mtu wa Dodoma analihitaji kila Agosti.

Udhaifu wake mkubwa ni anga yetu. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 500 na kitu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ripoti ya mlangoni ni ileile: jua, upepo, hakuna wingu. Wiki ya tatu mwanafunzi anasoma ripoti ya Jumamosi iliyopita bila hata kunyanyuka. Dawa niliyoipata ni ndugu. Kila wiki mmoja anamtumia ujumbe shangazi, kaka au rafiki aliye mkoa mwingine, anamuuliza kwa Kiswahili kwao kukoje, kisha analeta jibu kwa Kihispania. En Bukoba llueve. En Tanga hace bochorno, neno zuri la joto lile la fukuto linalokufanya uoge mara tatu. Aliye na mjomba Makete hurudi Julai na hiela, maana kule umande huganda. Hilo limetuletea maneno mengi kuliko kadi zangu zote, na familia kadhaa sasa zinadhani watoto wao wanasomea utabiri.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizi mbili: kadi wiki ya kwanza, mlango mwaka mzima. Watoto chini ya miaka tisa waongezewe kadi. Watu wazima wapunguziwe.

Kuigiza kwa mwili, na bingo

Hapa sitakaa sana. Mwalimu anasema hace viento, darasa linayumba. Llueve, vidole vinagonga dawati taratibu kisha kwa kasi, na chumba chenye bati juu kinasikika kama Januari kweli. Kwa watoto hakuna kinachoishinda. Kwa vijana wa sekondari ni dakika tano za kuchangamka baada ya chakula cha mchana, kisha wanaona aibu. Bingo inanoa masikio tu, mdomo umefungwa. Ifanye siku umeme umekatika na wewe umechoka. Nyimbo nazo zinashika haraka, ila zinashika kama zilivyo: mtoto anaweza kuimba mvua vizuri na asiweze kusema kwamba leo hainyeshi.

Mtangazaji mmoja au simu mbili

Mazoezi haya mawili yanafanana kwa sura, na wengi huchagua lile lisilofaa darasa lao.

La mtangazaji ni hili: ramani ya Hispania imechorwa kwenye manila, mwanafunzi anasimama mbele kama wa taarifa ya habari, anabandika mawingu na jua, anatangaza. Buenas tardes. En Sevilla hace mucho calor. En Bilbao está lloviendo. Vijana wanalipenda kupita kiasi. Mmoja alikuja na koti la suti la baba yake, mikono imemvuka vidole. Linafundisha kitu ambacho mengine hayafundishi, nacho ni kesho: mañana va a llover, kesho mvua itanyesha. Na si lazima kubuni. Mamlaka ya hali ya hewa ya Hispania, AEMET, hutoa utabiri wa kila manispaa kwenye tovuti yake, unaufungua kwenye simu asubuhi na kuunakili. Ukipenda, chukua wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, wa Dodoma na wa AEMET wa Sevilla siku hiyohiyo, uwafanye watangazaji wawili wapokezane.

Ila hesabu dakika. Mtangazaji mmoja dakika tatu. Kumi na watatu wengine wanasubiri, na nusu wanafungua simu chini ya meza. Darasa la watu sitini, ndiyo imekufa kabisa. Isitoshe, mtangazaji ameandika maneno yake nyumbani na kuyakariri. Anasoma, hachagui.

Simu mbili ni hivi. Wawili wanakaa wakipeana migongo. Kila mmoja ana karatasi yenye miji sita. Miji mitatu ana hali yake, mitatu hana. Anayekosa anauliza: ¿Qué tiempo hace en Lima? Mwenzake anajibu. Hawaonani, kwa hiyo kuonyesha kidole hakusaidii. Chumba kinakuwa na kelele kama ya soko la Majengo, na wewe unapita ukisikiliza. Wote wanasema kwa wakati mmoja, na wote wanachagua mlango, kwa sababu karatasi ina mchoro wala haina sentensi. Baada ya dakika kumi wanalinganisha. Palipo na tofauti, hapo ndipo kosa lilipo, nao wanalitafuta wenyewe.

Kuandaa kunakula jioni moja. Ukishaandaa, seti inaishi miaka. Ninaweka miji ambayo hali yake inafundisha kitu: Sevilla kwa joto, Bogotá iliyo zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari na baridi yake ya mwaka mzima, Lima kwa ukungu na manyunyu mepesi wanayoyaita garúa, Malabo kwa mvua. Ya mwisho huzua swali kila mara. "Malabo si iko Afrika?" Ndiyo, iko Guinea ya Ikweta, iliyokuwa koloni la Hispania hadi 1968, na Kihispania ni lugha rasmi huko mpaka leo. Nimeona sura za wanafunzi zikibadilika hapo. Lugha imesogea karibu.

Kwa darasa la zaidi ya ishirini sina shaka: simu mbili. Mtangazaji muweke siku ya mwisho wa mhula, wazazi wakija.

Majira: hapa mlango unadanganya

Kila nililolisema juu ya kutazama nje, liache unapofika kwenye las estaciones, yaani majira. Primavera (majani yanapochipua), verano (joto), otoño (majani yanapoanguka), invierno (baridi) havionekani kutoka mlangoni Dodoma. Na tafsiri za Kiswahili nazo zina kwao: kiangazi, masika, kipupwe na vuli vimezaliwa na pepo za pwani, na hata huko havilingani na manne ya Ulaya. TMA wenyewe hutenga mvua za vuli na masika kwa mikoa yenye misimu miwili, na sisi wa kanda ya kati tunahesabiwa kwenye mvua za msimu. Ukiandika ubaoni otoño ni vuli, mtoto wa Bahi umempa neno geni kwa neno geni.

Mazoezi mawili yanashindana hapa.

Begi la safari: mwanafunzi anapewa tiketi ya karatasi, mji na mwezi, na rundo la picha za nguo. Abrigo (koti), bufanda (skafu), paraguas (mwavuli), sandalias (ndara), gafas de sol (miwani ya jua). Anafunga begi na kueleza kwa nini: Voy a Buenos Aires en julio. Es invierno. Hace frío. Linachekesha, linaunganisha nguo na hali ya hewa, na kosa linajionyesha lenyewe, kama aliyekwenda Madrid Januari na kandambili. Kasoro ni kwamba linadai ajue tayari kwamba Julai ni baridi Buenos Aires. Asiyejua anabahatisha.

Mduara wa mwaka ndio unaompa hicho. Chukua mfuniko wa ndoo ya lita ishirini, uzungushe kalamu kwenye manila, ugawe miezi kumi na miwili. Pete ya ndani ni Dodoma, na hiyo waache waijaze wao bila kuwaambia. Watabishana, na ubishi huo ni mtamu: mvua zinaanza lini hasa, upepo mkali ni Agosti au Septemba, joto lile la Oktoba na Novemba kabla mvua haijaja liitweje. Mmoja wa kwao wana shamba la zabibu ataweka mavuno mara mbili, Februari au Machi na tena Agosti au Septemba. Mwingine ataweka mbuyu: umepukutika majani kiangazi kizima, unachipua mvua zikikaribia. Huyo ndiye amekupa otoño na primavera kwa kitu alichokiona kwa macho. La caída de las hojas, kuanguka kwa majani, sasa lina mti.

Kisha pete ya nje, mji mmoja kwa wakati. Madrid: verano kuanzia Juni ikielekea kwisha. Buenos Aires: kinyume, kwa kuwa nao wako kusini mwa ikweta kama sisi, na Julai yao ni baridi kama yetu, tena zaidi. Mtawa wangu wa sweta mbili alifurahi sana kuikuta Argentina. "Kumbe wapo wenzetu," akasema.

Pete ya tatu ndiyo iliyonigeuza kabisa. Kolombia, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, watu wanaishi karibu na ikweta, hawana majira manne, lakini walirithi maneno manne. Wakayatumia wanavyotaka: invierno ni wakati wa mvua, verano ni wakati wa ukavu, hata kama kipimajoto hakijasogea. Maana yake ni kwamba tafsiri yangu ya siku ile, verano ni kiangazi, ni kosa Madrid na ni sahihi mikoani Kolombia. Malabo wanasema tu estación seca (majira ya ukavu) na estación de lluvias (majira ya mvua), na mwanafunzi wa Dodoma akitaka kueleza kwao kukoje bila kujichanganya, hayo mawili ndiyo ya kumpa kwanza. En Dodoma hay dos estaciones. Ni sentensi ya kweli, fupi, na hakuna kadi ya dukani inayoifundisha.

Kwa hiyo begi au mduara? Mduara kwanza, vipindi viwili vizima, begi baadaye kama mtihani. Ukiwa na watoto wadogo wasiojua bado miezi, ruka mduara. Wafundishe estación seca na de lluvias, waache verano ikue nao.

Ukiwa na kipindi kimoja tu

Wapo wanaoniambia wana dakika arobaini na darasa la kujitolea, basi. Hapo ningeacha majira yote na kadi zote. Dakika kumi za mlango, na sentensi tatu ubaoni. Dakika kumi za mwili kama ni watoto, au za mucho na muy kama ni watu wazima. Ishirini za simu mbili, miji minne badala ya sita.

Na mwezi unaoanzia nao una maana. Ukianza Januari, mlango unakupa mvua, radi na jua ndani ya alasiri moja. Anza nao moja kwa moja. Ukianza Julai au Agosti, anga itakuchosha kabla ya wanafunzi, kwa hiyo tanguliza mduara, wakati baridi bado iko mwilini na swali la sweta linakuja lenyewe. Mlango ufungue Novemba. Tone la kwanza likigonga bati, utamsikia mtu wa nyuma akisema llueve kabla hujamuuliza.